Sauti ya Pasaka na Sauti ya Jumatatu: Jinsi Kazi ya Uimbaji wa Opera Inavyojengwa

Jumatatu ya Pasaka, binti mmoja wa kwaya yetu alikuja nyumbani kwangu Nyakato, Mwanza, akiongozana na mama yake. Katika mkesha alikuwa ameimba solo hadi kanisa zima likapiga vigelegele, na Jumapili akaimba misa mbili mfululizo. Sasa alipofungua kinywa kunisalimu, ile "Shikamoo, mwalimu" ilitoka kwa mkwaruzo, kama ya mtu aliyekohoa wiki nzima. Mama ndiye aliyeeleza kilichowaleta: binti amemaliza kidato cha sita mwaka jana, ameona kwenye simu watu wakiimba opera, na anataka kujua kama hiyo ni kazi inayoweza kumlisha mtu. Nilimwomba binti aniimbie mistari miwili tu ya wimbo wa mkesha. Akatikisa kichwa. "Leo haitoki, mwalimu. Labda Alhamisi."

Jibu la swali la mama lilikuwa ndani ya hiyo "labda Alhamisi". Jumba la opera halinunui uzuri wa sauti peke yake, kwa kuwa sauti nzuri ni nyingi duniani. Linanunua sauti inayoweza kufanya kazi ileile leo, keshokutwa na tena Jumamosi, kwa ubora uleule na bila kipaza sauti. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu katika safari ya mwimbaji huyu, yaani miaka mingi ya masomo, lugha nne za kigeni na mikataba ya mwaka mmoja mmoja, huanza kueleweka.

Opera ni tamthilia ambayo wahusika wake huimba badala ya kusema, wakisindikizwa na okestra. Ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, na mwaka 1637 mji wa Venezia ulifungua jumba la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye kiingilio aliweza kuingia. Umeme haukuwapo, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kusikika kwa nguvu ya mwili wake mwenyewe, na kadiri majumba yalivyokua na okestra zilivyoongezewa ala, ndivyo ufundi huo ulivyozidi kunolewa. Umeme ulipokuja, opera ilibaki na desturi yake. Hadi leo mtu mmoja husimama mbele ya wapigaji 60 au 80 na kusikika kwenye kiti cha mwisho cha ukumbi wa watu 2,000.

Wengi hudhani hilo hufanyika kwa kupaza sauti, na hapo ndipo waimbaji wetu wa kwaya wanapoumia. Mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1970. Nguvu kubwa ya sauti ya okestra iko chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na hupungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, huipanga nafasi iliyo juu tu ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kiasi kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya sauti yake hukusanyika karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi kusikia. Hashindani na okestra kwa kelele. Anapita kwenye upenyo ambao okestra yenyewe imeuacha wazi. Soprano, yaani mwanamke wa sauti ya juu, anayepanda juu kabisa hutumia njia nyingine, ya kufungua taya na kubadili irabu, ndiyo maana maneno yake huko juu ni magumu kuyashika hata kwa Mwitaliano.

Mtu aliyekulia Usukumani hapaswi kushangaa sana kusikia habari za sauti isiyo na kipaza sauti. Katika mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, ambayo hufanyika wakati wa sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja na ushindi huenda kwa aliyevuta umati mkubwa zaidi, na wazee wetu waliuvuta umati huo kwa koo zao katika uwanja wa wazi. Ni ufundi mwingine, wenye sauti ya namna nyingine, lakini swali ni lilelile: unafikaje kwa mtu aliye mbali bila kujichana?

Binti wetu alikuwa amejichana. Soprano anaposhikilia ile nota ya la ambayo okestra huitumia kupigia tyuni, nyuzi zake za sauti hukutana mara 440 kila sekunde. Akiziminya kwa nguvu ili ashinde ngoma, kinanda na spika za kanisa, zinavimba, na zikivimba hazikutani vizuri. Huo ndio mkwaruzo wa Jumatatu. Watu walishamshauri tangawizi, asali na yai bichi. Hakuna ubaya katika kunywa chai ya tangawizi, ila ajue kwamba tunachomeza hupita kwenye njia ya chakula, wala hakigusi nyuzi hizo, zilizo kwenye njia ya hewa. Kinachosaidia ni maji ya kutosha siku nzima, usingizi na kunyamaza, na mkwaruzo ukizidi wiki tatu, ni kwenda kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Nilimwagiza asiimbe wala kunong'ona kwa siku tano. Kunyamaza kulimshinda, lakini hayo ni ya kwao nyumbani.

Baada ya hapo nilimweleza mama habari ya muda, ambayo huwa ngumu kwa wazazi. Sauti ya mtu wa miaka 19 bado haijakomaa. Sauti nyepesi huweza kuanza kazi katikati ya miaka ya ishirini, ilhali sauti nzito, zile zinazobeba opera kubwa za Verdi na Wagner, mara nyingi hukaa sawa baada ya miaka 30 na kitu. Kwa sababu hiyo walimu huwapa wanafunzi wao nyimbo fupi za kale za Kiitaliano na kazi za Mozart na Handel kwa miaka kadhaa, na mwanafunzi anayekimbilia nyimbo kubwa anazoziona mtandaoni hufanana na anayembebesha ndama mkokoteni wa maksai. Kwaya zetu zina mafungu manne ya sauti. Majumba ya Ujerumani huyagawa mafungu hayo tena na tena, soprano mwepesi wa kurukaruka, soprano wa nyimbo laini, soprano wa tamthilia nzito, kila mmoja na wahusika wake, na mwimbaji huajiriwa kwa fungu lake. Kulijua fungu lako mapema ni faida, lakini kulilazimisha mapema ni hasara, na nimekuwa nikiwaambia vijana wasijipachike jina lolote kabla ya miaka 22 au 23.

Katika miaka hiyo ya kusubiri kuna kazi nyingi isiyochosha koo, na nyingi yake inaweza kufanyika hapahapa Mwanza kwa gharama ndogo. Ya kwanza ni kusoma muziki. Kwaya zetu, za Kikatoliki na za Kilutheri, zimelelewa kwa solfa, na mtu aliyekua akisoma d r m f huwa na sikio linalopima umbali wa nota kwa uhakika ambao wanafunzi wengi wa Ulaya huutafuta kwa taabu. Ila solfa yetu ina do inayohama: juu ya karatasi tunaandika "Doh ni G" na kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo. Nchini Italia na Ufaransa do haihami. Ni nota moja tu ya kinanda, siku zote. Nimewaona waimbaji hodari wakichanganyikiwa mbele ya mwalimu mgeni aliyewataka waimbe sol wakati wao, kwa akili ya kwaya, wanajua kuwa hiyo ni do. Dawa yake ni kujifunza nota za mistari mitano zikiwa jambo la pili, bila kuitupa solfa. Karatasi zenyewe hupatikana bure: maktaba ya mtandaoni iitwayo IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006, imehifadhi kazi nyingi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Anayeweza ajifunze pia kinanda kiasi cha kujipigia mstari wake na sauti za kuusindikiza, kwa sababu mwimbaji anayemtegemea mtu mwingine kujua nota zake ataishi kwa ratiba ya mtu huyo.

Ya pili ni lugha. Mwimbaji wa opera huimba Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza kwa lazima, na wakati mwingine Kirusi au Kicheki, tena lazima aelewe kila neno linalomtoka. Hapa Mswahili ana bahati ambayo haisemwi vya kutosha: irabu zetu ni safi, a ni a na o ni o kuanzia mwanzo hadi mwisho wa pumzi, na maneno yetu huishia kwa irabu, jambo linalokaribiana sana na Kiitaliano. Shida yetu iko kwenye konsonanti. Kiitaliano hutofautisha pala, ambalo ni koleo, na palla, ambalo ni mpira, kwa kuikawiza l tu. Kijerumani nacho hurundika konsonanti mwishoni, kama katika neno Herbst, yaani majira ya vuli, ambalo kinywani mwa mtu wa huku hutoka "heribisiti", silabi tano badala ya moja, na wimbo wote unapotea njia. Nao tuliokulia huku tunajua tunavyotaniwa kwa l na r. Haya yote hurekebishika kwa mazoezi ya kila siku ya dakika 20, ila si kwa wiki mbili kabla ya safari.

Kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi, jambo dogo limetusumbua. Nyumba za mitaa yetu ya mlimani zimesongamana kati ya mawe, na binti alipoanza mazoezi ya ngazi za sauti saa kumi na mbili asubuhi, jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Tukahamia kanisani siku za kazi. Kanisa lina sakafu ya vigae na ukuta mtupu, kila sauti inarudi imepambwa, na mwimbaji anajisikia malkia. Mwangwi ule unamdanganya. Mvua ikipiga bati, somo limekwisha. Hatimaye tulipata sebule yenye mapazia mazito na makochi, ambamo sauti inafia palepale ilipotoka na kila kosa linasikika. Haifurahishi hata kidogo, na ndiyo maana inafaa.

Baada ya misingi hiyo huja shule. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kina shahada ya muziki. Bagamoyo ipo TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Haya ni mahali pazuri pa kupata nadharia, nidhamu na cheti, lakini Tanzania haina jumba la opera, na ufundi wa jukwaa hilo hauna budi kufuatwa lilipo. Kwa Afrika, njia iliyopitiwa na wengi ni Afrika Kusini, hususan chuo cha muziki cha Cape Town, kilichoanzishwa mwaka 1910 na ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Waimbaji wengi wa nchi hiyo walio kwenye majukwaa makubwa leo walianzia kwenye kwaya za makanisa na shule, wakisoma solfa ileile iliyoletwa na wamisionari, kwa hiyo historia yao si ngeni kwetu.

Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini, ndiye mfano ninaopenda kuutumia. Alizaliwa mwaka 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief, na akiwa na miaka 16 alisikia muziki wa opera ya Lakmé katika tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni. Alimwuliza mwalimu wake ni kitu gani kile, akaambiwa kinaitwa opera. Alisoma Cape Town, mwaka 2009 akashinda mashindano ya uimbaji ya Belvedere, kisha akapita katika chuo cha jumba la La Scala, Milano, na mwaka 2011 akashinda mashindano mengine, Operalia. Januari 2013 aliingia kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, New York, akishika nafasi ya mwimbaji aliyejitoa, katika kazi ya Rossini aliyokuwa na takriban wiki moja tu ya kujifunza. Alipoingia jukwaani alijikwaa akaanguka, akainuka na kuendelea kuimba. Watu husimulia ule mwanguko. Mimi naitazama ile wiki moja, kwa sababu uwezo wa kumeza mamia ya kurasa za Kifaransa ndani ya siku saba na kuziimba bila kuchubuka ulijengwa katika ile miaka kama 12 iliyotangulia, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi New York.

Ujerumani ni njia nyingine, na wanaoifikiria hujali zaidi gharama. Nchi hiyo ina takriban majumba 80 ya opera yanayoendeshwa kwa fedha za umma, mengi katika miji isiyozidi Mwanza kwa ukubwa, na vyuo vya muziki vya serikali katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kisichotajwa kwenye maongezi ya vijiweni ni viza. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi hutakiwa kuonyesha kuwa ana euro 11,904 za kumtunza mwaka mzima, kwa kawaida zikiwa katika akaunti maalumu ambayo humruhusu kuchukua euro 992 tu kila mwezi. Fedha hizo hazipatikani kwa mchango wa jumuiya moja, na familia inapaswa kulijua hilo kabla haijauza kiwanja. Kuna usaili pia, ambapo mwombaji huimba, hupimwa sikio na nadharia, na mara nyingi hupiga kinanda kidogo.

Mwenye shahada bado si mwimbaji wa kulipwa. Kati ya chuo na ajira kuna ngazi ambayo wengi hawaijui, nayo ni programu za wasanii chipukizi zinazoendeshwa na majumba yenyewe, kama ile ya Lindemann pale Metropolitan, iliyoanza mwaka 1980, na ile ya Jette Parker ya jumba la kifalme la London. Mshiriki hupewa ujira, huimba wahusika wadogo, hujifunza wahusika wakubwa akiwa akiba ya waimbaji wengine, na kila siku hukaa na watu wa lugha, wa kinanda na wa uigizaji, kwa kawaida kwa miaka miwili. Mashindano nayo ni mlango, lakini yana umri: Operalia hupokea wenye miaka 18 hadi 32. Kwenye usaili, mwimbaji huandaa kama nyimbo tano za lugha na mitindo tofauti, huchagua wa kwanza mwenyewe, na wa pili huchaguliwa na jopo. Dakika kumi zikipita, wamekwisha kuamua. Siku hizi mchujo wa awali hufanywa kwa video, nayo inatakiwa iwe ya mfululizo, bila kukatwakatwa na bila kuongezewa mwangwi. Vijana wetu waliozoea studio za kurekodia kwaya, ambako fundi hunyoosha kila nota, hupata taabu hapo.

Nilipofika kwenye fedha, mama alisogeza kiti. Kuna aina mbili kubwa za ajira. Ya kwanza ni kuwa mwajiriwa wa jumba, mtindo wa Kijerumani, ambapo mwimbaji hulipwa kila mwezi na huimba chochote anachopangiwa ndani ya fungu lake. Mwaka 2023 kima cha chini cha mkataba huo kilipandishwa hadi euro 2,715 kwa mwezi kabla ya makato, ambazo kwa hesabu ya huku ni nyingi na kwa kodi ya nyumba ya huko si nyingi. Mikataba ni ya muda, na jumba lisilotaka kuendelea na mwimbaji linapaswa kumjulisha kabla ya tarehe 31 Oktoba, ili msimu unaofuata usimkute barabarani. Ndiyo maana Oktoba ni mwezi ambao waimbaji wa Ujerumani hawalali vizuri.

Aina ya pili ni kujitegemea, na hapo malipo kwa kawaida ni kwa onyesho. Tuchukue mfano wa kubuni: mwimbaji anaahidiwa euro 1,200 kwa onyesho, maonyesho sita, jumla euro 7,200. Wakala wake anachukua asilimia 10, zinabaki 6,480. Kodi ya asilimia 15 ya malipo yote inaondoa 1,080, zinabaki 5,400. Lakini mazoezi ya wiki tano yaliyotangulia hayakulipwa, na alipanga chumba kwa wiki kumi, akajilipia nauli na mwalimu wa kumfundisha nota hizo. Akiugua mafua na kukosa maonyesho mawili, euro 2,400 zimekwenda, ilhali gharama zimebaki palepale. Ndiyo ile Jumatatu ya Pasaka, sasa ikiwa na bei.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa kwaya huidharau bila sababu. Kila jumba kubwa lina kwaya yake ya kudumu, yenye mshahara, likizo na utulivu ambao waimba solo wengi hawaupati maisha yao yote. Mtu anayejua kusikiliza aliyesimama kando yake, anayewahi mazoezi na asiyechoka kurudia mstari mmoja mara 15 mbele ya kondakta (ninamaanisha wa okestra, si wa daladala), tayari ana nusu ya sifa zinazotafutwa. Nilimwona binti akikunja uso niliposema hivyo. Ana miaka 19, ana haki ya kukunja uso.

Sikumaliza bila kuwaonya juu ya barua. Miaka michache iliyopita kijana wetu mwingine alipokea kwenye simu mwaliko wa kwenda kuimba Ulaya, wenye mhuri na picha ya jumba zuri, ukidai ada ya usajili kwanza. Fedha zilitumwa, na barua ya pili haikuja. Mbali na wizi huo wa wazi, zipo programu halali za kiangazi zinazomtoza mwimbaji maelfu ya euro ili apate kuimba mhusika fulani. Mwenye uwezo anaweza kujifunza mengi huko, ila aelewe kwamba hapo yeye ndiye mteja. Kipimo changu ni chepesi: kazi humlipa mwimbaji, shule humpa mwalimu anayejulikana kwa jina na rekodi, na kitu kisichofanya lolote kati ya hayo mawili hakistahili nauli ya kwenda hata Bukoba.

Tuliafikiana miaka mitatu ya hapahapa kwanza, bila kuacha maombi ya chuo: nota, kinanda, Kiitaliano, na Kijerumani baadaye, na solo moja tu kwa mwezi kanisani, jambo ambalo viongozi wa kwaya bado wananinunia. Juzi alikuwa sebuleni penye mapazia, akiimba sentensi moja ya nota tisa kwa nusu ya nguvu yake, akiiandika tarehe kwenye daftari kila alipoimaliza bila kubana. Mama yake alikuwa amekuja kumchukua, akasubiri mlangoni, akasikiliza kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huu si ndio ule wimbo wa juzi?"

"Ndio wenyewe, mama," nikamjibu. "Na wa wiki iliyopita."